Karatasi Zilizolala Vitabuni: Safari ya Lamu



Aendaye Lamu kwa njia ya nchi kavu hutoka Mombasa akapita Malindi, Garsen na Witu, hata akafika Mokowe, ambako barabara hukoma na bahari huanza. Hapo mizigo hushushwa, wasafiri huteremka gatini, na mashua huwavusha mpaka kisiwani. Wengi wetu tuendao huko huenda kwa Maulidi ya Mfungo Sita, au kwa harusi, au kuwazuru jamaa. Safari yangu ya mara hii ilikuwa na shughuli nyingine. Nyumba moja ya huko ilikuwa imeondokewa na mzee wake, mtu aliyependa vitabu maisha yake yote. Wenyewe walitaka vitabu vyake vipangwe, ijulikane vipi vitabaki nyumbani na vipi vitatolewa wakfu kwa madrasa.

Kazi ya kupanga vitabu ilikwisha kwa siku mbili. Kazi ya karatasi zilizokuwa ndani ya vitabu ilichukua siku nne. Makala haya ni juu ya karatasi hizo: vipande, barua, orodha na vikaratasi visivyoshonwa kitabuni lakini vikaishi nacho miaka na miaka. Naamini kwamba karibu kila nyumba inayosoma makala haya inazo, na kwamba zinahitaji kutazamwa kabla hazijapotea.

Mji wa vitabu

Mgeni akishuka Lamu huona kwanza Usita wa Pwani, kisha akipenya ndani huingia Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na hapo Mkunguni huiona ngome. Ngome hiyo ilianza kujengwa mnamo mwaka 1813 na ikamalizika mwaka 1821. Ilikuwa gereza kwa miaka mingi, na leo ni makumbusho. Mji wote wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Watalii hupiga picha milango iliyonakishiwa na punda wapitao vichochoroni. Lakini aliyelelewa katika elimu hujua kwamba fahari kubwa ya mji huu imewekwa ndani, katika zidaka za kuta, katika makasha ya mbao na katika rafu za misikiti na vyuo. Fahari hiyo ni vitabu.

Katika mtaa wa Langoni uko Msikiti wa Riyadha, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kutokana na darasa za Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akaifanya Lamu maskani yake. Riyadha ina hazina ya vitabu vilivyoandikwa kwa mkono: vya fiqhi ya madhehebu yetu ya Shafi, vya nahau, vya hadithi, vya maulidi na vya tasawufu. Baadhi yake vina maandishi ya wakfu, yaani mwenye kitabu ameandika kwamba amekitoa kwa ajili ya wanaosoma, kisiuzwe wala kisirithiwe. Zaidi ya miaka 10 iliyopita vitabu hivyo vilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kwa mradi wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, chini ya mtafiti wa Norway, Anne Bang. Picha zimewezesha vitabu hivyo kusomwa na watu walio mbali bila kuguswa, na hiyo ni nusura kubwa. Hewa ya kisiwani ina chumvi na unyevu, na wadudu wala karatasi hawajui kitabu cha alimu na gazeti la jana.

Upande wa pili wa maji, katika kisiwa cha Pate, uko mji wa Siyu, ambao zamani ulisifika kwa wanavyuoni wake, kwa kazi za ngozi na kwa kunakili misahafu. Kunakili, kushona na kutia jalada la ngozi zilikuwa kazi za mikono zilizohitajiana. Watu wa pwani hii hawakungojea kuletewa vitabu vyote kutoka ng'ambo. Viko vingi walivyoviandika wenyewe.

Neno la chini ya ukurasa

Aliyewahi kufungua kitabu cha kale cha Kiarabu kilichoandikwa kwa mkono ameona jambo dogo ambalo mara nyingi hatuliulizi. Chini ya ukurasa wa kulia, pembeni upande wa kushoto, kuna neno moja limesimama peke yake. Neno hilo ndilo la kwanza la ukurasa unaofuata. Waandishi waliliita ta'qiba. Vitabu vingi vya zamani havikutiwa nambari za kurasa, na karatasi zilikuwa huru mpaka mshonaji azishone. Kwa hiyo kila ukurasa ulibeba neno la kumwita mwenzake. Uzi ukikatika na karatasi zikitawanyika sakafuni, mwenye subira angeweza kuziokota moja moja na kuzirudisha safuni mwake kwa kufuata maneno hayo.

Ziko nchi ambazo karatasi hazikushonwa kabisa. Afrika ya Magharibi, katika nchi ambazo leo ni Mali na Nigeria, misahafu mingi iliandikwa kwa karatasi zilizoachwa huru, zikatiwa baina ya majalada ya ngozi, kisha zikawekwa katika mkoba wa ngozi ambao msomaji aliweza kusafiri nao. Nasi hapa kwetu tunayo desturi iliyo karibu na hiyo. Katika khitma huletwa sanduku la juzuu 30, kila msomaji akapewa yake, na baada ya dua zikakusanywa na kuhesabiwa. Hatujasikia watu wakiona uzito kuhesabu juzuu. Kila mtu anajua kwamba sanduku lenye juzuu 29 limepungukiwa, na mtoto hutumwa kutazama chini ya mikeka mpaka ya 30 ipatikane.

Basi karatasi ya msahafu inalo neno la kuiita, na juzuu ina hesabu yake. Kikaratasi ambacho mama alikiweka kitabuni mwaka aliojifungua hakina kimojawapo. Hakina ta'qiba, hakina nambari, hakimo katika hesabu ya mtu yeyote. Kikidondoka, hakuna kinachosema kilitoka wapi. Hapo ndipo panapohitajika kazi yetu.

Yaliyotoka ndani ya vitabu

Katika nyumba ile tulitandika shuka nyeupe juu ya meza ndefu barazani. Tulikuwa wanne: mjane wa marehemu, binti yake mkubwa, shangazi wa nyumba ambaye ni dada wa marehemu, nami. Kijana mmoja, mjukuu, alikuwa akitupokeza vitabu kutoka kasha. Alikuwa mwepesi wa mikono na mwenye nia njema. Alipokiinua kitabu cha kwanza alikishika kwa majalada mawili, akakikung'uta kama mtu akung'utaye mkeka, na vikaratasi vitatu vikaruka.

"Maalim, takataka hizi nizitie motoni pamoja na zile za uani?"

Bibi yake akamtangulia kumjibu. "Mwanangu, usitie kitu motoni kabla Maalim hajakisoma. Na vitabu usivikung'ute."

Kuanzia hapo tulivifungua vitabu kimoja kimoja, ukurasa kwa ukurasa. Naorodhesha baadhi ya tulivyoviona, ili msomaji apate kujua nini cha kutazamia nyumbani kwake. Kulikuwa na barua kutoka Unguja, imekunjwa mara nne. Kulikuwa na risiti za mbao na chokaa za wakati nyumba ilipokarabatiwa. Kulikuwa na hesabu ya mirathi, mafungu yameandikwa kwa penseli, baina ya kurasa za mlango wa mirathi katika kitabu cha fiqhi. Kulikuwa na kadi za mialiko ya harusi, dua iliyonakiliwa kwa hati ya kike, kipande cha gazeti, picha ndogo ya mtu ambaye hakuna aliyemtambua, na maua ya asumini yaliyokauka hata yakawa kama vumbi la kahawia. Na kulikuwa na karatasi mbili za deni, kila moja na majina na kiasi. Sote tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Sura ya al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Marehemu aliisoma aya hiyo na akaifuata. Lakini karatasi ya deni aliiweka ndani ya kitabu, na kitabu akakirudisha katika kasha, na watoto wake hawakuwa na habari.

Kikaratasi cha mwezi wa mlisho

Siku ya tatu tulifikia kitabu cha Maulidi ya Barzanji, chapa ya zamani, jalada limelegea. Katika ukurasa mtupu wa mwanzo, baba wa marehemu alikuwa ameandika majina ya watoto wake saba, na mbele ya kila jina tarehe ya kuzaliwa kwa hesabu ya Hijria. Majina sita yalikuwa na tarehe. Jina la nne lilikuwa na nafasi tupu. Jina hilo lilikuwa la shangazi yetu yule yule aliyeketi mezani.

Kurasa chache mbele, kati ya karatasi mbili zilizogandamana kidogo kwa unyevu, tulikuta kikaratasi cha ukubwa wa kiganja. Hati ilikuwa ile ile ya baba. Kilisema kwamba mtoto amezaliwa usiku wa Ijumaa, mwezi 12 Shaaban 1373, baada ya Isha, na kwamba mama na mtoto ni wazima, alhamdulillah. Jina halikuandikwa. Mtoto wa tatu katika orodha alizaliwa mwaka 1371 na wa tano mwaka 1375. Nafasi tupu ilikuwa moja tu, na kikaratasi kilikuwa kimoja.

Shangazi alitwambia tumsomee tena. Tukamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi nilizaliwa mwezi wa mlisho. Mama akisema siku zote kwamba nilikuja kabla ya mfungo, na hakuna aliyemsikiza."

Hili halikuwa jambo la furaha tu. Shaaban ya mwaka 1373 iliangukia Aprili ya mwaka 1954. Kitambulisho cha shangazi kina mwaka wa kukadiriwa, aliotiliwa na karani ambaye hakuwa na la kutegemea, na kwa makadirio hayo mdogo wake wa kumfuata amemzidi umri. Wasomaji wetu wengi wanaijua taabu hii. Kijana wa pwani aombapo kitambulisho huulizwa karatasi za wazazi, na tarehe zisipokubaliana huambiwa aende akarudi. Wajukuu wa shangazi wamekwenda na kurudi. Sidai kwamba kikaratasi cha kiganja kitaufungua mlango wa kila ofisi. Nasema kwamba familia hiyo sasa ina maandishi ya wakati ule ule, kwa hati inayojulikana, yaliyokutwa katika kitabu chenye orodha ya ndugu wote, mbele ya mashahidi wanne. Kabla ya siku hiyo haikuwa na kitu.

Tazama basi nguvu ya kikaratasi hicho ilitoka wapi. Kama kijana angalikung'uta kitabu na kukichanganya kikaratasi na risiti za chokaa, tungalikuwa na kuzaliwa kwa mtoto asiye na jina, katika nyumba ambayo haijulikani. Mahali kilipokutwa palikuwa nusu ya maana yake.

Makosa mawili yanayopingana

Watu wanaokuta karatasi vitabuni huelekea upande mmoja kati ya miwili. Wa kwanza huzitoa zote ili kitabu kiwe safi. Naijua familia moja ya pwani iliyotoa vitabu vya mzee wao kwa maktaba. Waliovipokea walivisafisha vizuri, wakatoa kila karatasi, na kwa kuwa walikuwa watu wa heshima hawakuzitupa. Walizitia zote katika katoni moja. Miaka ilipopita warithi wakatafuta karatasi moja inayotaja mpaka wa shamba la wakfu. Katoni ililetwa. Ndani yake mlikuwa na rundo la karatasi za vitabu vingi, nyingine bila tarehe na bila majina kamili, na hakuna aliyeweza kusema ipi ilikuwa na ipi. Karatasi zilihifadhiwa, na maana yake ilipotea.

Wa pili huziacha zote pale pale, kwa kuona kwamba kugusa ni kukosa adabu. Huyu naye hukiharibu kitabu polepole. Kipande cha gazeti kina asidi nyingi, na baada ya miaka huacha alama ya kahawia katika kurasa mbili zinazokigusa. Pini na vibanio vya chuma hushika kutu, hasa katika hewa yetu ya bahari, na kutu hula karatasi hata ikatoboka. Maua ya asumini huacha mafuta, na huwaita wadudu. Karatasi nene zikizidi hupasua uti wa kitabu, uzi ukakatika, na hapo hata kurasa zenyewe huanza kutoka. Kisha kitabu huazimwa. Mwazimaji hukifungua katika basi au mashuani, na upepo hufanya kazi yake.

Liko na jambo la haki, nalo nalisema kwa mtazamo wangu wa kisheria. Kitabu kikitolewa wakfu, hukumu yake haifuatwi lazima na kila kilichomo ndani. Mtoaji alikusudia kutoa kitabu. Karatasi ya deni ni haki ya mdai na wajibu wa warithi. Barua ina aliyeiandika na aliyeandikiwa. Hati ya mahari ni haki ya mke. Anayepokea kitabu akakuta vitu hivyo amekuta amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe, au akijulishwa huhifadhiwa kwa ridhaa yake. Na kwa kuwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi yetu hufikishwa kwa Kadhi, karatasi kama hiyo yaweza siku moja kuulizwa: ilikutwa wapi, na nani aliiona?

Liko pia jambo la sitara. Katika nyumba ile tulikuta barua moja ambayo binti alianza kuisoma kwa sauti, kisha mama yake akamwekea mkono juu ya karatasi. Ilikuwa maneno ya mume na mke. Tuliikunja kama ilivyokuwa, tukaandika juu ya bahasha "barua ya nyumbani", akapewa mjane. Kuhifadhi hakumlazimu mtu kusoma kila neno.

Namna ya kuziweka

Maktaba kubwa zina utaratibu wa vitu hivi, na sehemu kubwa yake yawezekana kufanywa sebuleni kwa gharama ndogo.

La kwanza, kitabu kisikung'utwe. Kilazwe juu ya kitambaa safi, mikono iwe imeoshwa na kukauka, na kifunguliwe ukurasa kwa ukurasa. Karatasi ikionekana, ipigwe picha kwa simu pale pale ilipo, kurasa zote mbili zikionekana, kabla haijainuliwa. Picha hiyo ndiyo shahidi wa mahali.

La pili, itafutwe bahasha ya karatasi nyeupe, safi, iliyo kubwa kidogo kuliko karatasi yenyewe. Ziko karatasi maalumu zisizo na asidi, na anayeweza kuzipata azitumie. Asiyezipata, bahasha nyeupe safi ni bora kuliko mfuko wa nailoni, kwa kuwa nailoni hufungia unyevu ndani. Maneno yaandikwe juu ya bahasha kabla karatasi haijatiwa, na kwa penseli, maana wino wa kalamu hupenya na kuvuja ukipata maji. Yaandikwe jina la kitabu, kurasa ilipokutwa baina yake, tarehe ya kukutwa, na jina la aliyeikuta. Nambari ya bahasha iwekwe pembeni.

La tatu, ndani ya kitabu, mahali karatasi ilipotoka, uachwe ukanda mwembamba wa karatasi safi unaosema: hapa palikuwa na karatasi moja, iko katika bahasha ya nambari fulani. Ukanda huo ndio ta'qiba yetu. Kitabu kinaiita karatasi, na bahasha inakiita kitabu. Wakitenganishwa kwa bahati mbaya, mtu ambaye hatujazaliwa naye zama moja ataweza kuwakutanisha.

La nne, iamuliwe ikae wapi. Karatasi nyembamba, safi, inayokieleza kitabu chenyewe, kama vile sherehe ya ibara au sahihisho la mwandishi, yaweza kukaa na kitabu, ndani ya bahasha iliyowekwa nyuma ya jalada. Karatasi nene, zenye kutu, za magazeti, au za siri, ziwekwe katika sanduku karibu na kitabu hicho. Chuma kitolewe taratibu. Selotepu isitumike kabisa, wala gundi ya dukani, kwani mkanda ule hugeuka kahawia na hauondoki bila kung'oa maandishi.

La tano, liwe na daftari. Mstari mmoja kwa kila bahasha unatosha. Katika nyumba ile daftari alikabidhiwa binti mkubwa, na mjukuu yule mwepesi wa mikono ndiye aliyepiga picha zote. Kufikia siku ya nne hakuna aliyemshinda kwa kufungua kitabu polepole.

Maktaba za madrasa

Kwa waalimu na wazazi walio katika kamati za madrasa nina neno la ziada. Vitabu vya siku hizi navyo vina vitu vyake visivyoshonwa. Kitabu cha kufundishia Kiarabu huja na diski ya sauti nyuma ya jalada. Kitabu cha jiografia huja na ramani iliyokunjwa mfukoni. Kitabu cha hisabati huja na karatasi ya majibu. Vitu hivi hupotea katika mwaka wa kwanza, kisha kitabu hubaki rafuni kama chungu kisicho na kifuniko.

Dawa yake wakutubi wanaijua tangu zamani, nayo ni hesabu. Juu ya mfuko wa jalada huandikwa idadi ya vilivyomo: ramani 2, diski 1. Idadi hiyo hiyo huandikwa katika rejista ya kitabu, na kila kipande hupigwa muhuri wa maktaba na kuandikwa nambari ya kitabu chake. Diski huandikwa kwa kalamu maalumu ya diski, karibu na tundu la katikati. Kitabu kinapoazimwa, mtoaji huhesabu mbele ya mwazimaji, na kinaporudi huhesabu tena kabla hajakifuta jina. Sauti ya diski ni vyema inakiliwe mapema katika kompyuta ya madrasa, kwa kuwa diski hukwaruzika, na mashine za kuzichezesha zinaadimika. Mtoto wa madrasa anayeweza kuhesabu juzuu 30 baada ya khitma anaweza kazi hii bila taabu.

Wenye karatasi za nyumbani

Nimalizie kwa akina mama, na sababu ninayo. Katika nyumba ile, vikaratasi vingi vyenye maana kwa watu walio hai viliwekwa na wanawake: dua za watoto wagonjwa, majina, tarehe, mapishi ya arusi kwa idadi ya wageni, hesabu za mahari. Wanaume waliandika majina yao ndani ya majalada. Wanawake waliweka karatasi baina ya kurasa. Utenzi wa Mwana Kupona, ulioandikwa mwaka 1858 katika nchi hizi za Lamu na Pate, mama aliutunga kwa ajili ya binti yake, na leo unasomwa katika vyuo vikuu vya mbali. Miswada ya tenzi zetu ilitufikia kwa sababu katika kila kizazi alikuwapo mtu aliyekataa kuitupa.

Basi wiki hii, katika siku moja tulivu, kichukuliwe kitabu kimoja tu cha zamani, na bibi au shangazi akalishwe karibu. Kifunguliwe polepole mbele yake. Aulizwe hati hii ni ya nani, picha hii ni ya nani, na majibu yaandikwe siku hiyo hiyo, kwa sababu macho yanayoitambua hati ya babu hayatakuwa nasi daima. Picha ndogo ya yule mtu asiyetambuliwa tuliitia bahasha ya nambari 31. Mjane alisema mumewe alimjua kwa hakika, ila hakuna aliyemwuliza.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotuachia, na atujaalie kuwa watunzaji wema wa amana zao.

Wabillahi tawfiq.